Zamu ya Kuwalisha Shomoro

Mwezi wa saba mwaka huu nilisimama mbele ya buchari moja hapa mtaa wa Umoja nikasahau nilichokuwa nimekuja kununua. Kijana wa pale alikuwa ameinjika karai la mafuta ya ng'ombe juu ya makaa, yanayeyuka taratibu, na harufu ile nzito yenye utamu kidogo ikanifikia pamoja na ubaridi wa asubuhi. "Shosho, nikukatie wapi?" akaniuliza. Nikamwambia angoje. Akadhani nimezidiwa na magoti, akanisogezea kiti cha plastiki, nami nikakaa nikamshukuru, maana sikuwa na namna ya kumweleza kwamba kwa dakika ile sikuwa Umoja. Nilikuwa Mbotela, mtaa wa utoto wangu, nyuma ya nyumba ya Mama Njoki, nimechuchumaa, nangoja mafuta yapoe kiasi cha kushikika.

Ninyi wa rika langu mliokulia pande hizo mtaikumbuka baridi ile. Ukungu ulilala juu ya mapaa mpaka saa nne, na manyunyu yalianguka mepesi hata hayakulowesha nguo kwenye kamba, yalizikataza tu kukauka. King'ora cha karakana ya reli kilipolia alfajiri, sauti yake ilitufikia imefunikwa, kama mtu anayeita akiwa ndani ya blanketi. Akina mama walisimama kwenye bomba la pamoja wamejitanda leso mbili mbili, mvuke ukiwatoka midomoni, nami niliamini kwamba kila mtu mzima ana sufuria ndogo kifuani inayochemka. Juu ya waya wa stima shomoro walijipanga wamefura manyoya, wamekuwa mviringo kama viazi, hawaimbi. Nilikuwa bado sijaanza shule. Muda nilikuwa nao tele, na dunia yangu ilianzia kwenye ua wa michongoma ikaishia barabarani.

Msimu huo mama hakuwepo nyumbani. Aliondoka jioni moja ameshika tumbo kwa mkono mmoja na bega la baba kwa mkono mwingine, na baba akarudi asubuhi peke yake, viatu vya mama vimefungwa ndani ya gazeti kwapani mwake. Alituketisha kitandani, mimi na mdogo wangu Simiyu, akatuambia kwamba tumepata mtoto wa kike.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Hospitali. Amekuja kabla ya miezi yake, Nekesa. Wamemweka kwenye nyumba ya kioo yenye joto."

"Na mama?"

"Mama yuko karibu naye. Anakamua maziwa, mtoto anapewa tone kwa tone."

"Kwa nini asinyonye?"

"Hana nguvu za kunyonya bado."

"Watarudi lini?"

Baba yangu alikuwa mtu asiyeweza kumdanganya hata paka. Alitazama mikono yake, ile mikono ya fundi wa reli ambayo grisi ilikuwa imeingia kwenye mistari ya viganja isitoke kwa sabuni yoyote. "Tunaomba," akasema. Nililijua neno hilo. Tuliwahi kumwombea babu, akapona. Tukamwombea tena, tukamzika. Nilijua kwamba ni neno lenye milango miwili, na nikaona usoni kwa baba kwamba naye hakujua ni upi utakaofunguka.

Watoto hatukuruhusiwa kuingia wodini. Jumapili, baada ya ibada, baba alitupeleka tukasimama nje kwenye nyasi, chini ya jengo refu lenye madirisha mengi yanayofanana, akapanda yeye ili amwite mama aje tumwone. Tuliangalia juu mpaka shingo zikauma. Kwenye dirisha moja akatokea mwanamke aliyevaa gauni la hospitali, nikampungia. Akanipungia. Nikaruka, nikazunguka ili aone kitambaa changu cha kichwani, nikamwinua Simiyu kwa shida ili naye aonekane, na yule mwanamke akacheka, akaweka kiganja chake kwenye kioo. Ndipo Simiyu akanivuta sweta. "Mama yule kule!"

Mama alikuwa kwenye dirisha jingine kabisa, upande wa pili wa jengo, ametungoja tumwone. Sijui alisimama pale kwa muda gani akitutazama tukimchezea mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Hakupunga mkono. Aliiweka mikono yote miwili kifuani akaishikilia hapo, na alikuwa bado ameishikilia vivyo hivyo tulipogeuka kwenda nyumbani. Mpaka leo humwombea yule mwanamke wa kwanza, ambaye sikumjua jina, kwamba naye awe amepata mtoto wa kurudi naye.

Baba alipokuwa kazini tulilindwa na Mama Njoki, jirani yetu wa ukuta mmoja. Alikuwa mjane kutoka pande za Nyeri, ameshamwoza binti yake, na alikuwa akiuza uji na mahindi ya kuchemsha kando ya Jogoo Road. Mama mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Hakuwa mtu wa kutupa kitu. Magunzi yaliyobaki baada ya mahindi kupukuchuliwa aliyarundika nyuma ya nyumba yawe kuni, na ni juu ya rundo hilo aliponikuta asubuhi moja nimekaa, sichezi, sitaki uji, natazama tu waya wa stima.

"Wewe, kwani umekuwa shomoro? Umefura tu hapo."

"Wanasikia baridi," nikasema.

"Na njaa pia. Wadudu wote wamejificha. Haiya, simama! Nitakuonyesha upuzi mmoja wa Wazungu."

Huku akichochea makaa akanisimulia kwamba alipokuwa msichana alifanya kazi ya yaya katika nyumba ya Mzungu, upande wa pili wa mji. Bibi wa nyumba hiyo alitoka nchi ambako wakati wa baridi maji husimama yakawa mawe, na ndege huanguka kutoka mitini wakiwa wamekufa. Alikuwa ameishi hapa miaka mingi, lakini kila mwezi wa saba ulipofika na mawingu yakashuka, aliwakusanya watoto wake jikoni, akawayeyushia mafuta ya nyama, wakayachanganya na nafaka na kuyatundika bustanini.

"Nami nilikuwa nikisimama pale na kitinda mimba wao mgongoni, nasema moyoni: Ngai, watu hawa wanapikia ndege! Sisi kwetu ndege tunawafukuza mtamani kwa mawe, hawa wanawapikia!" Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akatulia, akakoroga. "Lakini nikuambie ukweli, ndege walikuja. Wengi. Na yule mama alikuwa akisimama dirishani anawatazama huku machozi yanamtoka. Nadhani alikuwa anawaza kwao."

Basi tukapika. Mwenye buchari alitupa vipande vya mafuta visivyokuwa na mnunuzi, Mama Njoki akaviyeyusha polepole ili visiungue, akachuja, akaacha karai lipoe mpaka pembeni paanze kuwa peupe. Hapo ndipo palipokuwa na siri yake. Mafuta ya moto hukimbia kwenye gunzi yakamwagika. Yakipoa mno hayashiki. Tulingoja saa hiyo ya katikati, yakiwa kama uji mzito, ndipo nikachovya gunzi na kuliviringisha, mafuta yakajaa katika vile vishimo ambamo punje zilikuwa zimekaa. Kisha gunzi liliviringishwa tena kwenye sinia la punje za wimbi na chenga za mahindi, likavaa nafaka pande zote, likafungwa kamba ya katani na kutundikwa kwenye michongoma. Miiba ile iliwazuia paka, na mwewe, ambao mjini kwetu humnyang'anya mtu mkate mkononi, hawakuthubutu kujitupa humo.

Kazi ya sinia alipewa Simiyu, lakini kila tulipogeuka tulimkuta analamba.

"Na huyu ni ndege gani?" Mama Njoki akauliza.

"Kunguru," nikasema.

Simiyu akaangua kilio. Yeye si kunguru. Yeye ni tausi.

"Haya, tausi, toa ulimi kwenye gunzi la wenyewe."

Kesho yake asubuhi shomoro walikuwa hapo. Walikuja kwa woga, mmoja, halafu watatu, halafu waya wote ukamwagika kwenye ua. Walining'inia kichwa chini wakidonoa, magunzi yakazunguka nao kama bembea, na vumbi la wimbi likaanguka chini ambako njiwa walikuwa wakitembea kwa adabu wakiokota. Chiriku wa manjano nao wakaja, wadogo kuliko wote na wagomvi kuliko wote. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, kwa hiyo niliona mabawa yakitokea katika weupe na kuingia katika weupe, sioni yalikotoka wala yanakokwenda. Nilikaa juu ya rundo nimejifunika blanketi, na nadhani kuna nyakati nilikuwa nimelala huku macho yako wazi. Nikikumbuka utoto wangu, siku zote huanzia hapo.

Jumapili iliyofuata mhubiri alizungumza juu ya ndege wa angani, kwamba hawalimi wala hawana ghala, na bado Mungu huwalisha kila siku. Nikaona watu wazima wakiitikia kwa vichwa, wamefarijika. Baba alifumba macho kabisa. Mimi niliingiwa na wasiwasi mkubwa. Sikuwa nimejua kwamba kazi hiyo ilikuwa yake Yeye. Niliwafikiria ndege wote wa Mbotela, na wa mitaa jirani, wa Makongeni, wa Kaloleni, kila mmoja na mdomo wake, katika baridi kama hii, na Mungu akizunguka mti kwa mti na waya kwa waya. Angepata wapi nafasi ya kwenda hospitali?

Jibu nilipewa na reli. Jioni moja alibisha mlangoni mwenzake baba wa karakana, Baba Akinyi, hata hakuingia ndani. "Fundi," akasema, "kesho nenda ukakae na mama watoto. Nitakushikia zamu." Baba akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Na kweli, kesho yake baba alikwenda hospitali mchana kweupe, akavaa shati la kanisani, king'ora kikalia kama kawaida na karakana haikusimama. Nyumba zote za watu wa reli zilijua utaratibu huo. Mtu akikushikia zamu, wewe uko huru kwenda kwa mgonjwa wako.

Usiku huo, Simiyu alipokwisha lala, nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia Mungu maneno kama yale niliyoyasikia mlangoni. "Nenda tu hospitali. Hawa wa hapa nitakushikia." Sikumwambia mtu mwingine. Zamu ni makubaliano ya watu wawili.

Tangu hapo niliacha kuwa mtoto anayecheza na magunzi, nikawa mtu wa kazi. King'ora kilipolia niliamka pamoja na baba. Yeye alifunga kamba za buti, mimi nilivaa sweta mbili. Yeye alikwenda karakana, mimi nilikwenda kwenye ua kukagua. Gunzi lililoliwa likabaki tupu niliteremsha, lililolowa niligeuza, kamba iliyolegea nilikaza. Watoto wa safu ya pili ya nyumba walipita wakipiga kelele.

"Mpishi wa ndege! Leo ni pilau?"

"Wawekee na chumvi!"

"Waulize kama wanataka chai ya maziwa!"

Sikuwajibu. Baba alikuwa amewahi kusema kwamba mtu akiwa kazini hapigi soga, na mimi nilikuwa kazini kuliko fundi yeyote wa reli. Kila shomoro aliyeshiba kwenye ua wetu ilikuwa ni safari moja ambayo Mungu hakuhitaji kuifanya, na kila safari ambayo hakuifanya ilikuwa ni muda wa kukaa kando ya nyumba ya kioo.

Lakini kulikuwa na wale wengine.

"Baba," nikauliza tukila, "ndege wa Makongeni nani anawalisha?"

"Mungu."

Nikaacha tonge. "Wote?"

"Wote. Kwa nini?"

"Na wa Kaloleni?"

"Nekesa, kula sukuma wiki."

Asubuhi nilimwomba Mama Njoki tutengeneze mengine ya kupeleka ng'ambo. "Makongeni!" akapiga makofi. "Wewe unataka nifungue hoteli ya ndege? Na Kaloleni je, na Ziwani, tusiwasahau?" Nikamwambia ndiyo, tusiwasahau, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Hata hivyo alichukua magunzi kadhaa kwenye kikapu chake cha biashara, na aliporudi jioni aliniambia ameyatundika kwenye miti ya njiani, na kwamba wapita njia walimwuliza kama amerogwa.

Ikaja asubuhi yenye baridi kuliko zote. Jioni ya kuamkia siku hiyo baba hakuwa amerudi. Baba Akinyi alikuwa amekuja akazungumza na Mama Njoki kwa sauti ya chini, nami nikashika maneno mawili tu kupitia ukutani: mtoto amebadilika. Mama Njoki alilala kwetu usiku huo, katikati yetu, na kila nilipogeuka nilimsikia midomo yake ikitembea. King'ora kilipolia nilitoka. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande. Chini ya michongoma, chali, miguu imekunjwa kifuani kama mtoto aliyelala, palikuwa na shomoro. Nilimwokota. Hakuwa na uzito wowote. Magunzi juu yake yalikuwa bado na wimbi.

Nilimpeleka ndani mikononi. "Amekufa kwenye zamu yangu," nikasema.

"Zamu gani?" Mama Njoki alikuwa anakoroga uji. "Zamu gani, mwanangu?"

Ikanitoka yote, kwa kilio, bila mpangilio: mhubiri, Baba Akinyi, hospitali, Makongeni. Kwamba Mungu alilazimika kuacha hospitali kuja kumtafuta huyu kwa sababu sikumlisha, na kwamba alipotoka tu mtoto akabadilika. Mama Njoki, ambaye alicheka kila kitu, hakucheka. Aliepua uji. Aliketi chini, akanivuta ndani ya leso yake pamoja na ndege wangu, akatutikisa taratibu. Alinuka moshi na mahindi. "Baba yako akija," akasema, "mwambie hayo hayo. Usipunguze."

Baba alikuja karibu na adhuhuri, macho mekundu. Kabla hajaulizwa alisema, "Bado anapumua," kisha akashika mwimo wa mlango.

"Baba Nekesa," Mama Njoki akamwambia, "najua umechoka. Lakini kabla hujaketi, msikilize huyu."

Nikamwambia. Alisikiliza amesimama, halafu akashuka polepole akakaa kizingitini, buti zake nje, mgongo wake ndani.

"Kwa hiyo unafikiri alitoka hospitali kuja kwa huyu?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Na mdogo wako akabaki peke yake."

"Ndiyo."

Alinyoosha kiganja, nikamwekea shomoro juu yake. Katika mkono ule mkubwa alionekana mdogo zaidi. "Mimi natafuta mtu wa kunishikia zamu kwa sababu siwezi kuwa mahali pawili," akasema. "Nikiwa karakana, siko hospitali. Yeye hana zamu, Nekesa. Usiku kucha alikuwa kule juu na mama yako, na alikuwa hapa chini ya michongoma."

"Na huyu?"

"Na huyu."

"Basi mbona amekufa?"

"Sijui," akasema, nami namshukuru kwa hilo hadi leo. "Lakini hakufa peke yake."

Nililiwaza hilo. Lilinituliza upande mmoja na kuniumiza upande mwingine. "Basi magunzi yangu ni ya kazi gani?"

"Nikitengeneza baiskeli jioni, nani hunishikia taa?"

"Mimi."

"Ni wewe unayetengeneza?"

"La."

"Ukichoka ukaiweka chini, nitaacha kutengeneza?"

"Hapana."

"Lakini hupenda ukiwa hapo umeishika," akasema. "Hupenda sana. Basi."

Tulimzika shomoro kando ya ua, baba akichimba kwa bisibisi yake ya kazi, Simiyu akiimba wimbo wa kanisani alioujua nusu. Kisha baba aliingia ndani akalala na buti zake, nami nikalala kando yake mchana, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mama aondoke. Nililala kama mtu aliyeshusha gunia. Asubuhi iliyofuata king'ora kililia nikakisikia kwa mbali, nikageuka upande wa pili. Nilipotoka jua lilikuwa limeshapenya ukungu, na shomoro walikuwa wameshafika kabla yangu.

Mtoto alikuwa bado kwenye nyumba ya kioo. Baba hakutuficha, kila jioni tulimwuliza na kila jioni alitujibu, leo afadhali, leo si sana, leo amefungua macho. Tuliendelea kupika magunzi, kwa kuwa mwenye buchari alikuwa ameshazoea kutuwekea, na kwa kuwa nilipenda. Nilijifunza kunyamaza nikifanya kazi kwa mikono, na nikagundua kwamba katika kunyamaza huko naweza kumtaja mdogo wangu bila kusema neno. Hakuwa na jina bado. Nilimtaja tu. Manyunyu yalipungua. Siku moja nguo zilikauka kwenye kamba kabla ya jioni, na wanawake wa safu nzima wakatoka kuzigusa.

Walirudi siku ambayo sikuwa nikiwangoja. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba, mafuta mpaka viwikoni, Mama Njoki ananisimulia juu ya mteja aliyetaka kurudishiwa pesa baada ya kumaliza hindi zima, mara sauti yake ikakatika katikati ya neno. Nikainua macho. Kwenye kona ya nyumba alikuwa amesimama mama. Alivaa koti la zamani la baba, lile zito la reli, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na nyuma yake baba alibeba beseni lenye vitu vyake. Nilitazama mikono ya mama. Ilikuwa mitupu. Yote miwili ilining'inia mitupu kwenye mikono mirefu ya koti.

Nilibaki pale na gunzi langu, na mafuta yakaanza kuganda kwenye vidole.

Mama alikuja polepole, kama mtu anayetembea na ndoo iliyojaa. Akapiga magoti mbele yangu, akafungua kifungo cha kwanza cha koti, akafungua cha pili. Ndani, kwenye ngozi yake, amefungwa kwa leso kifuani, kilikuwako kichwa kidogo kama chungwa, chenye nywele nyepesi zilizolowa jasho.

"Huyu hapa," akaninong'oneza. "Hapendi baridi."

Mwanga ulipomgusa, mtoto alikunja uso. Kisha akafungua mdomo. Akaufunga, akaufungua tena, mpana, akigeuza kichwa huku na huku bila sauti. Katika msimu wote ule nilikuwa nimejifunza jambo moja tu kuhusu midomo iliyofunguliwa hivyo. Nikachota wimbi kwenye sinia, lenye mafuta, zuri, nikampelekea.

"Ngai! Mshikeni huyo!" Mama Njoki akapiga ukelele.

Baba aliachia beseni akanidaka mkono, vidole vyangu vikiwa vimeshagusa mdomo. Beseni liliviringika likilia mpaka ukutani. "Mpeni tu kidogo," Simiyu akasema, "ni tamu," na hapo mama akaanza kucheka. Alicheka ameinama, mkono mmoja umekinga kichwa cha mtoto, machozi yakidondoka kwenye kola ya koti, akashindwa kusimama, ikabidi Mama Njoki amshike kwapa na kumketisha juu ya rundo la magunzi.

"Huyu anakula kwangu, Nekesa," akasema alipopata pumzi. "Kwangu tu."

Akafungua vifungo vilivyobaki. Mtoto alitafuta, akakosa, akatafuta tena. Baba alivua kofia. Kisha tukasikia, sote, sauti ndogo ya kumeza, na nyingine, na nyingine, na hakuna aliyeondoa macho. Sinia la wimbi lilikuwa chini pembeni yetu, halina mtu wa kuliangalia. Shomoro wakashuka, wakala.